Riwaya za saibapanki za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msomaji anayetaka kuzisoma riwaya zenyewe, si kusikia sifa zake tu. Visa vimeguswa inapobidi, miisho tumeiacha.

Saibapanki ya zamani ni ipi hasa?

Tunaposema ya zamani tunamaanisha kazi zilizotoka kati ya mwanzo wa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990. Jina la tawi hili la hadithi za kisayansi lilianza kama kichwa cha hadithi fupi ya Bruce Bethke, iliyochapishwa mwaka 1983 katika jarida la Amazing Stories. Mwishoni mwa 1984 mhariri Gardner Dozois alilitumia katika gazeti la Washington Post kuwataja waandishi wapya waliokuwa wakija juu, nalo likawaganda. Wanaotajwa kwanza ni William Gibson, Bruce Sterling, Rudy Rucker, John Shirley, Lewis Shiner na Pat Cadigan. Neal Stephenson alijiunga baadaye, mwaka 1992, wakati baadhi ya hao wa mwanzo walishaanza kulikimbia jina lenyewe.

Ukitaka kuitambua kazi ya aina hii, tazama mambo matatu. Teknolojia imeingia mwilini: chipu kichwani, jicho la kununua, neva zilizofanyiwa ukarabati. Kampuni kubwa zina nguvu kuliko serikali. Na mhusika mkuu ni mtu wa chini, mara nyingi mhalifu mdogo, aliyepewa kazi bila kuambiwa bosi wake hasa ni nani. Hili la tatu ndilo husahaulika, na likikosekana kinachobaki ni taa za neoni na mvua.

Kabla ya hapo hakukuwa na kitu cha namna hii?

Kulikuwa na vingi. Katika Nova ya Samuel R. Delany (1968) watu hufanya kazi kwa kujichomeka kwenye mashine kupitia soketi za mwilini. John Brunner, katika The Shockwave Rider (1975), alibuni programu inayojisambaza yenyewe kwenye mtandao. Watafiti wa Xerox walipounda ya kwao, jina walilazima kutoka humo. Vernor Vinge alitoa True Names mwaka 1981, ambamo wadukuzi huficha majina yao halisi kwa sababu anayelijua jina lako anaweza kukumaliza.

Ukiwa na nafasi ya kusoma mtangulizi mmoja tu, soma The Girl Who Was Plugged In ya James Tiptree Jr. (1973), jina la kalamu la Alice Sheldon. Msichana mwenye umbo lisilotakikana anauendesha kwa mbali mwili mzuri uliotengenezwa na kampuni, kazi yake ikiwa kuishi hadharani akitumia bidhaa ili watu wazinunue. Iliandikwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kulipwa kwa kujirekodi akitumia sabuni.

Nianze na kitabu gani?

Wengi hukabidhiwa Neuromancer ya Gibson moja kwa moja, nao huishia ukurasa wa thelathini. Njia tunayoipendekeza ni kuanza na Burning Chrome (1986), mkusanyiko wa hadithi fupi za Gibson, na humo kusoma tatu kwa mpangilio huu: Johnny Mnemonic, kisha hadithi iliyoupa mkusanyiko jina lake, kisha New Rose Hotel. Zote tatu zinasomeka kwa jioni mbili.

Sababu si urefu tu. Molly, mlinzi wa kukodiwa katika Neuromancer, anaonekana kwa mara ya kwanza katika Johnny Mnemonic, na riwaya inapogusia kilichompata Johnny, aliyesoma hadithi huumia pale ambapo asiyeisoma hupita tu. Finn, mnunuzi wa mali ya wizi, anatokea katika hadithi ya pili. Humo pia yumo Bobby Quine, ambaye riwaya inamtaja kwa jina tu kama mmoja wa waliomfundisha Case, mdukuzi ambaye ndiye mhusika mkuu. Gibson hakurudi kuwaeleza watu hawa.

Baada ya hapo soma Neuromancer (1984), Count Zero (1986), na Mona Lisa Overdrive (1988), kwa mfuatano huo. Count Zero ni rahisi kidogo: wahusika watatu wanapokezana sura, na kila mmoja ana shida yake inayoeleweka. Usianze na Mona Lisa Overdrive hata ukiikuta kwa bei nzuri. Nyuzi zake ni nyingi na zinategemea yaliyotangulia.

Kama nathari ya Gibson haikushiki kabisa, chukua Snow Crash ya Stephenson (1992). Inakimbia na inachekesha, na kila kitu kinaelezwa, wakati mwingine kupita kiasi: katikati kuna mazungumzo marefu na mkutubi wa kidijitali kuhusu Wasumeri na lugha yao. Hapo msomaji huchoka. Usiyaruke yote, maana msuko mzima umejengwa juu yake. Soma kila moja la mazungumzo hayo kwa kikao kimoja, uone linaanza na swali gani na linaishia na jibu gani.

Mpenzi wa hadithi za upelelezi aanze na When Gravity Fails ya George Alec Effinger, inayosimuliwa na Marîd Audran mwenyewe. Anayetaka mapambano achukue Hardwired ya Walter Jon Williams (1986). Synners ya Pat Cadigan (1991) iwe ya nne au ya tano: ni bora sana, lakini wahusika ni wengi na kurasa mia za mwanzo hazimsaidii mgeni.

Nimeanza Neuromancer nikaishia njiani. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye namna ya kusoma, si kwenye uwezo wa msomaji. Gibson aliamua kutoeleza. Unaingizwa kwenye baa iitwayo Chatsubo, mjini Chiba, Japani, ambako wanywaji ni wageni watupu. Mhudumu, Ratz, ana mkono bandia wa kijeshi uliotengenezwa Urusi, umefunikwa kwa plastiki ya waridi iliyochakaa. Hakuna anayekuambia vita vilikuwa vipi wala kwa nini mkono wa askari unamimina bia. Hitachi ni kampuni ya kweli, Ono-Sendai ni ya kubuni, na kitabu kinazitaja kwa sauti ileile. Anayesimama kila sentensi kutafuta maana hupoteza kasi, na kasi ndiyo iliyokusudiwa impe maana.

Fanya hivi. Soma sehemu ya kwanza, yaani sura mbili za mwanzo, kwa kikao kimoja bila kamusi. Lengo ni kujua mambo matatu tu: Case ameharibiwa, Case anataka kupona, na mtu asiyemjua amejitokeza kumtibu. Ukiyapata hayo hujapitwa na kitu. Ukimaliza kitabu, rudi uzisome tena sura hizo mbili. Utashangaa jinsi kila kitu kilivyokuwa pale.

Maneno machache yatakutosha. Deki ni kompyuta ya kubebeka ya mdukuzi. Matriki ni mandhari ya data anayoiona akiwa ameunganishwa. ICE ni ulinzi unaozingira data, na ile nyeusi huua. Simstim ni kurusha hisia za mtu mmoja ndani ya mwingine. Construct, kwa namna Case anavyoitumia, ni nakala ya akili ya mtu aliyekufa iliyohifadhiwa kama data isiyobadilika; huyu ni Dixie, mwalimu wake, anayejibu maswali na kucheka vibaya lakini hakui.

Sehemu ya pili ndipo wengi hupotea, kwenye uvamizi wa jengo la Sense/Net. Case yuko kwenye matriki, Molly yuko ndani ya jengo, na Case anaruka kutoka kwenye matriki hadi ndani ya hisia za Molly kwa kubonyeza swichi. Gibson hakuachi hata mstari mtupu kati ya mruko na mruko. Tafuta swichi. Kila Case anapoigusa, jiulize sasa mwili ni wa nani. Anapokuwa ndani ya Molly anahisi na kuona, lakini hawezi kumwambia kitu wala kumsogeza kidole. Molly anapoumia mguu, Case naye anayahisi maumivu hayo. Ukilielewa onyesho hili moja umeielewa mbinu ya kitabu kizima.

Sehemu ya tatu kisa kinapaa hadi kwenye makazi ya angani, nayo ya nne ndiyo ndefu kuliko zote na yenye watu wenye nia zinazopishana. Shika swali moja tu mkononi: nani anamlipa Armitage, yule aliyemtibu Case na kumpa kazi? Mengine yatajipanga yenyewe.

Je, vitabu hivi vilitabiri intaneti?

Hapana, na anayevisoma kwa kusahihisha utabiri atakosa raha bure. Case anahangaika kuuza megabaiti tatu za kumbukumbu ya wizi kana kwamba ni almasi. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuzijaza. Muungano wa Kisovyeti bado upo. Simu za mkononi hazipo: katika moja ya maonyesho mazuri zaidi ya riwaya, simu za kulipia zilizopangwa ukutani zinalia moja baada ya nyingine Case anapozipita, kwa sababu akili bandia inataka kuzungumza naye. Onyesho hilo haliwezekani katika dunia ya simu za mfukoni, na hakuna anayetamani lifutwe. Hata sentensi ya kwanza ya kitabu, inayolinganisha anga na runinga iliyokosa matangazo, ilitegemea chenga za kijivu ambazo runinga za baadaye hazikuonyesha tena. Nyingi zilionyesha buluu tupu.

Kilichopatikana sawasawa ni picha ya kufikiria. Watu walihitaji namna ya kusema kwamba data iko mahali fulani na kwamba mtu anaweza kwenda huko, na Gibson aliwapa. Neno lake la anga hiyo ya kompyuta, cyberspace, lilichapishwa mwaka 1982, miaka kadhaa kabla Tim Berners-Lee hajaanza kazi ya wavuti pale CERN. Ulimwengu pepe wa Snow Crash, Metavesi, uliazimwa waziwazi na sekta ya teknolojia, na mwaka 2021 kampuni iliyomiliki Facebook ikajiita Meta. Hapo hatuoni utabiri. Wahandisi walivisoma vitabu hivi wakiwa vijana, wakajenga walichokuwa wamekisoma, na mara nyingi wakaliacha onyo.

Kama teknolojia imepitwa na wakati, kwa nini bado vinavuta?

Kwa sababu kila kifaa kina deni lake, na deni hilo halijapitwa na wakati.

Mchukue Case. Ana miaka 24 na ameshaisha. Aliwaibia waajiri wake, nao wakaziharibu neva zake kwa sumu ya kuvu ili asiingie tena kwenye matriki. Armitage anamtibu. Lakini kwenye upasuaji uleule wanampandikizia vifuko 15 vya sumu ileile kwenye kuta za mishipa mikubwa ya damu, na vifuko hivyo vinayeyuka polepole. Akimaliza kazi kwa wakati atapewa kimeng'enya cha kuvibandua, kisha atabadilishwa damu. Akichelewa, anarudi alikookotwa. Uponyaji na minyororo vimo kwenye bili moja. Msomaji aliyewahi kupewa mkopo, chombo cha kazi au nyumba na mwajiri wake hahitaji maelezo ya ziada.

Molly naye ana vile kumi chini ya kucha, kila kimoja cha sentimita nne, na vioo vilivyozibwa juu ya macho. Wanaoiga humchora hivyo na kuishia hapo. Kitabu chenyewe kinaeleza alivyovilipia: alikodisha mwili wake dangunoni huku chipu ikimkatia fahamu, hadi siku kumbukumbu zilipoanza kuvuja. Ukiondoa malipo hayo, vile vinabaki pambo.

Stephenson anafika palepale kwa kuchekesha. Katika Snow Crash kuna waraka wa kiofisi unaotumwa kwa watumishi wa serikali ya Marekani, ambayo kwa wakati huo imebaki kama kampuni moja ndogo kati ya nyingi. Waraka unahusu matumizi ya karatasi za chooni, na kompyuta imekadiria muda wa kuusoma: dakika 15.62. Mama wa mhusika Y.T. anajua kwamba akiusoma haraka ataonekana mzembe, akikawia ataonekana mgumu wa kuelewa, hivyo analenga kati ya dakika 14 na 15, na katikati anarudi nyuma makusudi ili aonekane makini. Ni kurasa chache tu, za mwaka 1992. Anayefanya kazi mbele ya programu inayohesabu mibofyo yake atazisoma akiwa amenyamaza.

Na humohumo kwenye Metavesi, barabara kuu ina urefu wa kilomita 65,536, lakini tabaka halijafutika. Anayeingia kupitia mashine ya umma anaonekana kwa rangi nyeusi na nyeupe, picha yake ikiwa na chenga. Asiyejua kuandika programu ananunua avata (umbo la kumwakilisha humo) ya dukani inayofanana na za maelfu wengine. Umaskini wa nje unaonekana ndani.

Kuna jambo la pili, nalo ni uchakavu. Hadithi nyingi za kisayansi za kabla yake zilikuwa na vyombo vipya vinavyong'aa. Katika vitabu hivi vyombo vimetumika, vimefungwa kwa gundi, vimeibwa na kubadilishwa kazi na watu ambao hawakukusudiwa kuvitumia. Ndivyo teknolojia inavyoishi mikononi mwa watu wengi duniani, na ndiyo sababu msomaji wa popote huona mtaa anaoujua.

Gibson alikuwa mtaalamu wa kompyuta?

Hakuwa. Neuromancer iliandikwa kwa taipureta ya mkono. Wazo la anga ya data lilimjia alipowaona vijana wa Vancouver kwenye kumbi za michezo ya video, miili yao imeinamia mashine kana kwamba wanataka kuingia nyuma ya kioo. Alipokuja kununua kompyuta alishangaa kusikia diski yake ikipiga kelele. Vinge na Rucker, kwa upande mwingine, walikuwa wasomi wa hisabati na kompyuta, na inaonekana: programu katika True Names zina mantiki ambayo mtaalamu ataikubali. Lakini ujinga wa Gibson ulimfaa. Hakufungwa na mashine za 1984, kwa hiyo hazikumzeesha sana.

Wanawake wako wapi?

Wachache mno walipewa nafasi mwanzoni. Mirrorshades (1986), mkusanyiko uliohaririwa na Sterling na ambao ndio ulilitambulisha kundi, una hadithi 12, na mwandishi mwanamke ni mmoja tu, Pat Cadigan. Isitoshe, wahakiki, Delany akiwa mmojawapo, walionyesha kwamba Molly ana deni kwa Jael, muuaji mwenye makucha katika The Female Man ya Joanna Russ (1975).

Cadigan ndiye tungependa asomwe zaidi kuliko anavyosomwa. Synners ilishinda tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 1992, na Fools ikaishinda tena mwaka 1995. Katika Synners soketi za kichwani zinauzwa kwa watu wa kawaida kabla hazijaeleweka, kwa sababu kampuni imeona soko. Kisha kiharusi cha mtu mmoja aliyeunganishwa kinageuka kitu kinachosambaa mtandaoni na kuua. Gibson humwacha msomaji akitamani kuunganishwa. Cadigan anauliza ubongo wenyewe utafanywaje. Ongeza pia He, She and It ya Marge Piercy (1991) na Trouble and Her Friends ya Melissa Scott (1994).

Ile Japani yao ni ya kweli?

Ni Japani ya hofu ya Marekani ya miaka ya 1980, wakati kampuni za Kijapani zilitawala soko la vifaa vya elektroniki na ilidhaniwa zitanunua kila kitu. Gibson hakuwa ameshafika Japani alipoandika Neuromancer. Chiba yake isomwe hivyo, na msomaji ana haki ya kukerwa pale Wajapani wanapokuwa mandhari ya shida za wageni. Hali ni hiyohiyo kwa Effinger: mtaa wake wa Budayeen uko katika mji wa Kiarabu usiotajwa jina, lakini umechorwa kwa kielelezo cha French Quarter ya New Orleans. Wajapani walikuwa na saibapanki yao wenyewe wakati huohuo, Akira ya Katsuhiro Otomo kuanzia 1982 na The Ghost in the Shell ya Masamune Shirow kuanzia 1989. Zisome sambamba.

Ni kweli maofisa wa serikali waliwahi kuvamia kampuni kwa sababu ya saibapanki?

Uvamizi ulitokea, ila sababu hupindishwa. Tarehe 1 Machi 1990 maofisa wa Secret Service waliingia katika ofisi za Steve Jackson Games huko Austin, Texas, wakachukua kompyuta pamoja na muswada wa GURPS Cyberpunk, kitabu cha mchezo wa kuigiza. Walikuwa wakifuatilia waraka wa kampuni ya simu uliosambazwa na wadukuzi, na mwandishi wa mchezo huo, Loyd Blankenship, alikuwa mfanyakazi pale. Mchezo haukuwa shabaha ya uchunguzi, lakini ofisa mmoja aliueleza kama mwongozo wa uhalifu wa kompyuta. Kampuni ililazimika kuuandika upya kutoka kwenye nakala za zamani na ikapunguza wafanyakazi. Ilishtaki, na mwaka 1993 ikashinda. Kesi hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo za Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, lililoundwa Julai 1990. Sterling ameeleza mkasa mzima katika The Hacker Crackdown (1992), ambacho si riwaya na bado kinasomeka vizuri.

Nimetazama filamu. Bado kuna haja ya kusoma?

Ipo. Filamu ziliuchukua mwonekano. Blade Runner (1982) ilitoka Gibson akiwa bado anaandika. Alitoka ukumbini baada ya dakika chache, akihofia kila mtu angedhani ameiga. Lakini kamera haiwezi kukupa lile la Case ndani ya mwili wa Molly, wala mhusika anayesoma waraka kwa kuhesabu dakika.

Nataka kuandika ya kwangu. Wengi hukosea wapi?

Kosa la kwanza ni kuanza na mandhari. Mvua, neoni, mnara mrefu, kisha mtu mwenye koti. Anza na bili. Mhusika wako anadaiwa nini, na nani, na kipi kitachukuliwa asipolipa? Ukijibu kwa sentensi moja, mandhari yatakuja yenyewe, maana utajua analala wapi na kwa nini hana pa pengine.

La pili ni kueleza. Mwandishi akibuni kifaa hupenda kukifafanua kwa aya nzima. Kifanye kitumike kwanza, ikiwezekana kikiwa kibovu. Chukua mkono bandia: usiseme ni teknolojia gani, onyesha mwenye mkono akiupigapiga kwenye kaunta ili vidole vifunguke. Msomaji ameshajua una umri, haukununuliwa mpya, na mwenyewe hana hela ya fundi.

La tatu ni bosi wa kampuni mwenye kicheko kibaya. Katika kazi bora za aina hii mwovu hana uso. Kuna mkataba, kuna sera, kuna ofisa wa kati anayeomba radhi kwa upole huku akikata huduma. Hata ukoo wa Tessier-Ashpool katika Neuromancer, wenye utajiri usiopimika, unatisha kwa sababu umejifungia na kuoza ndani kwa ndani.

La mwisho ni kuuazima mwaka 1984. Waandishi hawa waliandika hofu za siku zao: Japani, vita baridi, kuvunjwa kwa kampuni ya simu ya AT&T. Ukinakili hofu zao unaandika riwaya ya kihistoria bila kukusudia. Tafuta kinachodaiwa sasa.

Tunataka kuisoma Neuromancer kama kikundi. Tuipangeje?

Ina sura 24 katika sehemu nne na hitimisho fupi. Wiki tano zinatosha: moja kwa kila sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, mbili kwa ya nne pamoja na hitimisho. Msikutane baada ya sura moja tu. Hakuna atakayekuwa na la kusema. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuandika orodha ya wahusika na nani anamfanyia nani kazi, kwa mishale, na airekebishe kila wiki. Mishale hiyo itageuka mara kadhaa, na mjadala mzuri utatoka pale inapogeuka. Kikundi kikiwa na watu waliokwisha kusoma, wakatazwe kutaja kinachotaka akili bandia kabla ya wiki ya nne.

Vitabu vya sauti vinafaa?

Kwa Snow Crash, ndiyo; mzaha wake unapendeza ukisikika. Kwa Neuromancer, usikilize kwenye mzunguko wa pili. Miruko kati ya Case na Molly hushikwa kwa jicho, kwa kurudi mistari miwili nyuma, na sauti haikupi muda huo. Synners iache kabisa kwenye karatasi: utahitaji kufungua kurasa za nyuma kujua anayezungumza ni nani.